Mkono Shingoni mwa Asante

Sogeeni, jamani. Mwenye mbwa nyumbani akae mbele, asiye naye akae nyuma, na anayemwogopa mbwa wa jirani akae popote atakapo, maana hadithi hii ni yake. Mimi nitaisimulia nimesimama. Nikiikalia hunichoma, na mwishowe nitaiacha mikononi mwenu niende zangu.

Katika kitongoji cha Itekelo, kule Rungwe kwenye viazi na ukungu, walikuwepo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza alikuwa Mzee Gwakisa, na kipaji chake kilikuwa kujua mbegu. Alimtazama jogoo akakuambia vifaranga watakuwaje. Alimtazama bwana harusi akanyamaza, kwa heshima. Miaka mingi alitunza mbwa wa ulinzi kwenye shamba kubwa la chai, na alipostaafu alirudi na mbwa jike mwenye kichwa kipana na kifua kilichojaa, asiyebweka ovyo. "Huyu damu yake haina mzaha," alikuwa akiwaambia watu. Walicheka, kwa kuwa yeye mwenyewe aliyasema hayo huku akicheka.

Wa pili alikuwa Ambakisye, na kipaji chake kilikuwa kulinda. Ukimwachia shamba lako, hata ngedere walipita mbali. Hakuzaliwa hivyo. Siku moja wezi walimvamia stoo, wakamfunga kamba, wakabeba viazi vyake vya mbegu vyote mbele ya macho yake, huku wakimwita shemeji. Viazi alivipanda tena mwaka uliofuata. Lile neno shemeji halikumtoka.

Wa tatu alikuwa Anyosisye, msimamizi wa ghala la wakulima, na kipaji chake kilikuwa kupanga. Kwake kila gunia lilikuwa na mahali pake na kila mtu alikuwa na zamu yake. Mtu akisema haiwezekani, Anyosisye alimwekea mkono begani, na kabla chai haijapoa ilikuwa imewezekana.

Lakini miguu yetu leo itamfuata wa nne, ambaye watu hawakumhesabia kipaji. Huyu ni Tupokigwe, dada yake Ambakisye, mama yake Lusajo. Homa ya utotoni ilimwachia uhai ikamchukulia masikio. Ukisimama naye uso kwa uso, alikusoma midomo mkazungumza vizuri tu. Ukimgeuzia mgongo, ulikuwa umemfungia mlango. Lusajo alikuwa mbali kikazi, na mama yake aliishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho, kule njia inapoingia msituni.

Basi yule jike wa Gwakisa akazaa. Ambakisye akachagua dume mmoja, akamchukulia na dada yake jike mmoja. "Hutaki masikio mapya?" alimwambia. "Haya hapa, yana manyoya."

Tupokigwe alimpokea yule mtoto wa mbwa kifuani. Mzee Gwakisa akasema jambo, lakini alilisema ameinama kufunga kamba ya kiatu, na Tupokigwe aliona kofia tu. Alipoinuka alikuwa anacheka, Tupokigwe naye akacheka. "Ndaga, mzee," akamshukuru.

Kule Itekelo mtu hampi mbwa jina ili mbwa aitike tu. Humpa jina ili jirani asikie. Mwenye ugomvi wa mpaka humwita mbwa wake Nimekaa, na aliyesengenywa humwita Watachoka, halafu jioni anasimama uani kumwita kwa sauti kubwa. Ambakisye alimwita wake Jaribu, na kila mwizi aliyekuwa na masikio alielewa. Tupokigwe hakuwa na ugomvi na mtu. Wake akamwita Asante.

Sikilizeni sasa walivyolelewa.

Jaribu alilelewa kama babu zao walivyolea mbwa. Mchana kutwa alifungiwa kwenye banda lisilo na dirisha. Ugali wake ulitiwa pilipili kichaa. Mtoto hakuruhusiwa kumwita, mgeni hakuruhusiwa kumtazama. "Mbwa anayezoea watu ni mgeni mwenye mkia," Ambakisye alisema. Lakini tumpe haki yake: ua wake ulikuwa mrefu, mnyororo wake ulikuwa mzima, chanjo hakukosa, na katika miaka yote hiyo Jaribu hakumgusa mtu asiyeingia uani mwake.

Asante alilelewa kama kuku wa mama. Alilala penye jua na kula kilichobaki sufuriani, na watoto wa jirani walimpanda mgongoni. Mgeni akija, alimgusa Tupokigwe goti kwa pua. Nguruwe pori akiingia kwenye viazi, alimsukuma mara mbili. Siku moja Tupokigwe alikuwa ameinama njiani anafunga mzigo wa kuni, na lori likawa linarudi nyuma kumjia bila dereva kumwona. Asante alimng'ang'ania kanga mpaka ikachanika, mama akaanguka mtaroni, akapona. Tangu siku hiyo hakwenda mahali bila kuweka mkono wake shingoni mwa yule mbwa, na mwili wa Asante ukawa ndio unaomwambia mambo ya dunia.

Alikwenda mara kadhaa kumsihi kaka yake.

"Kaka, huyu haoni hata jua."

"Akiona jua atazoea watu."

"Na wewe anakupenda?"

"Ananiheshimu."

Tupokigwe alimtazama tena midomo, akidhani labda amesoma vibaya. Hakuwa amesoma vibaya. Alirudi nyumbani kwa mwendo wa haraka, bila kujua anakimbia nini.

Mambo yakaendelea hivyo mpaka viazi vilipoanza kupotea ghalani. Gunia leo, gunia kesho. Anyosisye alibadilisha kufuli, akabadilisha mlinzi, akabadilisha na watu wa kuwashuku. Mwishowe akaenda kwa Ambakisye, akamwekea mkono begani.

"Tuazime Jaribu."

"Jaribu ni wa ndani ya ua wangu."

"Ghala nalo lina ua. Na viazi ni vya wote. Utawaambia wote hapana?"

Mkutano uliitishwa, na watu wote wa Itekelo wakapiga makofi kwa furaha. Tupokigwe alikuwepo. Hakuyasikia makofi, aliyaona, mikono mingi inakwenda na kurudi, na yake haikupanda. Wakakubaliana Jaribu afunguliwe ndani ya ua wa ghala jioni, na arudishwe bandani kabla jua halijatoka. Wezi wakakoma. Watu wakamsifu Ambakisye, wakamsifu Anyosisye, wakamsifu Gwakisa aliyeleta mbegu. Kwa muda huo, ndugu zangu, kila mtu Itekelo alikuwa na sehemu yake katika yule mbwa.

Halafu ikaja asubuhi moja ya matope. Lori la kuchukua viazi lilikwama mlimani. Ambakisye alifika na mnyororo kumrudisha Jaribu, lakini Anyosisye akamzuia. "Mzigo wote uko nje. Mwache mpaka lori lifike." Ambakisye akamwacha, akaenda kusaidia kulisukuma. Anyosisye akafungua nusu ya lango ili lori likija lisipoteze muda, akaingia ndani kuhesabu magunia. Ukungu ulikuwa mzito, na jua lilikuwa limeshatoka nyuma yake.

Sekela akapita. Sekela ndiye msusi wa Itekelo. Asubuhi ile alikuwa anawahi kumsuka bibi harusi, chanuo liko mkononi. Hakukimbia, hakurusha jiwe, hakufanya lolote ambalo wewe na mimi tusingefanya. Jaribu alitoka langoni kimya kimya, akamkamata mkono wa kulia, na hakuuachia.

Watu walimuua Jaribu kwa majembe palepale. Sekela alipelekwa hospitali, akashonwa, akachomwa sindano zote zinazotakiwa. Bwana mifugo alisema kichaa cha mbwa hakikuwepo. Mkono ulianza kupona, ila ulibaki umefungwa bandeji, na vidole viwili vya kusukia vikagoma kukunjika. Bibi harusi yule aliolewa amefunga kilemba.

Sasa ndipo Itekelo ikakosa usingizi. Watoto hawakutumwa dukani. Watu walitembea na fimbo, na wenye mbwa wakaanza kuwatazama mbwa wao wenyewe kwa jicho la pembeni. Yule jike wa Gwakisa alikuwa amezaa na kuzaa tena, na damu yake ilikuwa imeingia karibu nusu ya nyumba. Wapo waliosema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wapo waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali zote mbili ni za wazee walewale, na hakuna aliyewafufua wazee wale kuwauliza walimaanisha ipi.

Mwenyekiti wa kitongoji akaita watu wote uwanjani mbele ya ghala, akawaambia hivi:

"Leo hatuondoki bila kujua ubaya ulitoka wapi. Kama ulitoka kwenye damu, mbwa wote wa uzao ule watauawa leo, wakubwa kwa wadogo. Kama ulitoka kwa mfugaji, Ambakisye atatengwa. Hakuna atakayemwazima moto, hakuna atakayekunywa maji kwake, na siku akifa atajizika. Kama ulitoka kwa aliyemwachia, Anyosisye atarudisha funguo za ghala na hatashika tena kazi ya watu."

Tupokigwe alikuwa amesimama mbele ili aone midomo. Aliyasoma maneno yote. Damu ikihukumiwa, Asante anakufa. Mfugaji akihukumiwa, kaka yake anageuka mtu aliyekufa anayetembea, naye dada mtu hataruhusiwa hata kumpelekea uji akiugua. Alihama mguu huu kwenda mguu ule. Alikivuta kilemba kwa mkono mmoja akakirudisha, akakivuta tena, mkono wa pili ukiwa shingoni mwa Asante.

Mzee Gwakisa akasimama kwanza. "Mimi nilileta damu," akasema, "na niliwaambia haina mzaha. Lakini damu ilikaa bandani miaka isiume mtu wa nje. Damu haifungui lango."

Ambakisye akasimama. "Mimi nilimlea, na nilimlea vile baba alivyonifundisha. Mlikuja kuniazima kwa sababu ni mkali. Angekuwa mpole, mngemtaka? Na kwangu hakutoka hata siku moja."

Anyosisye akasimama, na kwa mara ya kwanza hakujua mikono aiweke wapi. "Mimi nilifungua lango. Lakini malango yanafunguliwa kila siku, na mbwa wengine hutoka wakaenda kunusa majani. Nilifungua lango la ghala. Sikuweka meno mdomoni mwa mbwa."

Kila mmoja aliposema, watu waliona ana haki. Aliyefuata akisema, waliona yeye ndiye mwenye haki zaidi. Wakaanza kusukumana.

Ndipo Sekela akainuka, na watu wakatulia kwa aibu. "Jaribu amekufa, na vidole vyangu havijarudi," alisema. "Sitaki mbwa wengine wafe kwa ajili yangu, na sitaki mtu atengwe kwa ajili yangu. Nataka kitu kimoja tu. Mimi napita njia zenu kila siku. Niambieni nimwogope nani. Nikikutana na mbwa wa uzao ule, nigeuke? Au nikimwona mbwa yeyote, niulize kwanza kafugwa na nani? Msinidanganye, maana mkinidanganya nitaumwa tena."

Hapo Mzee Gwakisa akanyoosha kidole. "Jibu mnalo. Yule pale ni dada yake Jaribu, tumbo moja, siku moja. Amelelewa kwa upole. Mleteni katikati. Akiwa mkali, mbegu yangu ina kosa na nitawashika mbwa wangu mwenyewe wauawe. Akiwa mpole, iacheni damu, mwangalieni mfugaji."

Watu wakaitikia kwa kishindo, na Tupokigwe akajikuta katikati ya uwanja kabla hajakubali. Mkono wake ulikuwa shingoni mwa Asante tangu walipotoka nyumbani asubuhi.

Wakamjaribu. Kijana mmoja akapiga debe nyuma yake, Asante akageuza masikio tu. Ambakisye mwenyewe akainua fimbo juu, huku akijua akiumwa amepona na asipoumwa ameangamia. Asante alimtazama, akapiga mkia chini. Wakamtupia mfupa wakamnyang'anya. Akakaa akawashangaa, kama tunavyowashangaa sisi.

"Bado mmoja," mwenyekiti akasema. "Sekela, kama unaweza."

Sekela alikuja polepole. Uso ulikuwa umemkauka kwa hofu, lakini alikuja. Akaunyoosha ule mkono wa bandeji, ukinuka dawa, mpaka karibu na pua ya Asante.

Na hapo, jamani, chini ya kiganja cha Tupokigwe, shingo ya Asante ikatetemeka.

Haikuwa baridi. Tupokigwe aliujua mtetemo ule. Aliwahi kuuhisi mara chache, nguruwe pori akiwa ndani ya viazi, sekunde chache kabla Asante hajaruka. Ulianzia ndani kifuani, ukapanda kooni, ukakaa hapo. Mdomo haukufunguka. Jino halikuonekana. Mkia ulikuwa umesimama kimya, lakini hakuna aliyekuwa anatazama mkia. Upepo ulikuwa unapiga mabati ya ghala, watoto walikuwa wananong'ona, na katika watu wote wenye masikio mazima hakuna aliyesikia kitu. Aliyesikia ni yule asiyesikia, na alisikia kwa mkono.

Sekela akarudisha mkono wake taratibu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Uwanja ukalipuka kwa makofi.

"Mpole! Mnaona? Mpole!"

"Damu haina kosa! Ni malezi!"

Na macho yote yakamgeukia Ambakisye. Yeye alitazama chini, akaiweka ile fimbo ardhini vizuri, kama mtu anayekabidhi kifaa cha watu. Mkewe alianza kulia.

Tupokigwe aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, na mawazo yalimwenda huku na huku. Labda ni damu, ile damu isiyo na mzaha, iliyolala miaka yote hii juani na sasa imegeuka upande wa pili. Akinyamaza, Sekela ataupapasa uso wa mbwa wa uzao ule akiamini. Au ni ile harufu ya dawa, ambayo mbwa yeyote angeinung'unikia. Halafu akakitazama kiganja chake mwenyewe. Vidole vilikuwa vimekwama kwenye manyoya, vyeupe kwenye vifundo. Tangu asubuhi alikuwa amembana Asante shingo kwa hofu, na hofu ile yote imepita mkononi ikaingia kwa mbwa. Basi labda aliyenguruma hakuwa Asante. Labda alikuwa yeye, mfugaji, na mbwa alimsemea tu.

Na kunguruma si kuuma. Asante alikuwa amejizuia. Lakini je, alijizuia kwa sababu ya malezi, au kwa sababu alishikwa?

Mwenyekiti alikuja akasimama mbele yake, uso kwa uso, akatamka polepole ili asomeke vizuri.

"Mama Lusajo, wewe ndiye uliyemshika. Sisi tumeona kwa macho. Mkono wako umehisi lolote?"

Akisema ndiyo, Asante na ndugu zake wote wanauawa kabla ya jioni, naye anarudi kwenye nyumba ya mwisho asiye na masikio tena, na kaka yake anakwenda nyumbani kula chakula na watu, na banda lisilo na dirisha linabaki limesimama likimsubiri mbwa mwingine. Akisema hapana, Asante anaishi, kaka yake anakufa akiwa hai, na njia za Itekelo zinajaa mbwa ambao Sekela ameambiwa asiwaogope. Akisema sijui, ambalo ndilo neno la kweli kuliko yote, nani Itekelo atamwelewa, wakati Anyosisye ameshapumua, na Gwakisa anatabasamu, na watu wale wale waliopiga makofi kumwazima Jaribu wanasubiri kupiga tena?

Tupokigwe amefungua mdomo. Mimi nimeishia hapo, na miguu yangu inataka kwenda.

Ninyi mmekaa vizuri, mmekula, mna masikio yenu na mikono yenu. Haya, niambieni: mkono shingoni ungekuwa wako, ungejibu nini? Msinijibu mimi. Mgeukieni Sekela, bado amesimama pale uwanjani na bandeji yake, anasubiri aambiwe amwogope nani. Mtamwambiaje?